Jina la Bakteria Halitoshi

Si kila bakteria aitwaye Escherichia coli ni adui. Wengi wao huishi katika utumbo wa binadamu bila kumdhuru. Kinachowatenga walio hatari ni silaha wanazobeba: uwezo wa kung'ang'ania ukuta wa utumbo na sumu wanazozalisha. Maabara inayopima chakula ikaishia kuandika jina la bakteria imefanya nusu ya kazi.

Ujerumani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwaka 2011. Kuanzia mwezi Mei, hospitali za kaskazini mwa nchi hiyo zilifurika wagonjwa wanaoharisha damu. Mlipuko ulipokoma mwezi Julai, takribani watu 4,000 walikuwa wameugua. Zaidi ya 800 walipata madhara makubwa ya figo na zaidi ya 50 walifariki. Aina iliyohusika, O104:H4, iliunganisha silaha mbili ambazo ni nadra kukutana: ilijipanga kwenye utumbo mithili ya matofali, na ilibeba jeni ya sumu ya Shiga iliyoletwa na virusi vishambuliavyo bakteria.

Katika taharuki hiyo, mamlaka za Hamburg zilitangaza kuwa matango ya Hispania ndiyo chanzo. Ni kweli matango hayo yalikutwa na bakteria wenye sumu. Lakini walipolinganishwa na wale wa wagonjwa, ilibainika kuwa ni wa aina nyingine. Wakulima walikuwa wamekwisha kupoteza soko, na Umoja wa Ulaya ulilazimika kutenga zaidi ya euro milioni 200 za fidia. Hatimaye, kwa kuwahoji walaji na kufuatilia safari ya vyakula, wachunguzi walifika kwenye machipukizi ya uwatu, yaliyooteshwa kwa mbegu kutoka Misri.

Wapo watakaosema kwamba vipimo vya jeni ni ghali kwa nchi zenye kipato kidogo. Hoja hiyo ina uzito, ila haihitajiki kupima kila sampuli. Kinachohitajika ni maabara za hospitali na za chakula kuhifadhi bakteria wao, kuwalinganisha mlipuko unapozuka, na kufanya kazi bega kwa bega na wanaowahoji wagonjwa. Kabla ya kukitia hatiani chakula cha mkulima, ushahidi utoke pande zote mbili: shambani na kitandani kwa mgonjwa.