Sauti Moja, Nasaba Mbalimbali

Mtoto wa Unyambwa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, hufundishwa darasani maana ya kata. Nyumbani humwona mama akijitwika ndoo ya maji juu ya kata, na baba akikata kuni. Akikuuliza maneno hayo yana udugu gani, usimkemee. Ameuliza swali la msomi.

Litazame neno meza. Meza ya chakula tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Wao husema mesa. Kumeza tonge ni neno la Kibantu, la kale kuliko merikebu zao. Wageni wawili wasiojuana wamevikwa kanzu moja.

Njia ya pili ni sauti kudondoka. Katika maneno mengi ya asili Kiswahili kimeipoteza "l". Wasemao Kilingala huko Kongo huyaita makaa "makala". Sisi tuliidondosha "l", na leo kaa la moto hufanana na kitenzi kukaa, na hata na kaa wa baharini. Kisha neno makala likatuingilia kwa mlango mwingine, kutoka Kiarabu. Ndiyo makala hii uisomayo.

Basi, mzazi, mtoto akichanganya Kiswahili na lugha ya bibi yake, msahihishe bila kumcheka. Huenda lugha hiyo imeihifadhi sauti tuliyoipoteza, nayo ndiyo ufunguo wa swali lake.