Chaguzi Kumi za Mbunge wa Othaya

Wananchi wenzetu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Murang'a, kila uchaguzi unapokaribia huzuka katika mikahawa yetu, na hata viwanjani mwa makanisa baada ya ibada, hoja ile ile: kwamba Mlima haujapata mbunge mfano wa marehemu Mwai Kibaki. Alisimama mara kumi, akashinda mara kumi. Hoja hiyo ni ya kweli. Aliingia Bungeni mwaka 1963 kwa tikiti ya KANU akiwakilisha Donholm, Nairobi. Mwaka 1969 akarudi kwa kiti cha Bahati. Mwaka 1974 akahamia nyumbani Othaya, na watu wa Othaya hawakumwachilia hadi alipostaafu mwaka 2013. Miaka 50 Bungeni bila kuangushwa kitini hata mara moja si jambo dogo.

Hata hivyo, sisi tulioapa kuitetea sheria hatuwezi kuisoma rekodi ya uchaguzi kwa kuhesabu ushindi peke yake. Twauliza pia: ni nani aliyezihesabu kura, na mbele ya macho ya nani? Tukiuliza hivyo, rekodi ya Mzee Kibaki yageuka kuwa somo la nchi nzima, na sehemu moja ya somo hilo yatuchoma sisi wenyewe watu wa Mlima.

Pale Bahati mwaka 1969, Bi. Jael Mbogo alimtoa jasho. Kibaki alitangazwa mshindi kwa kura chache, na mama huyo hakuacha kushikilia kwamba ushindi ulikuwa wake. Mwezi wa Juni 1982, Bunge lilipoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, Kibaki alikuwa Makamu wa Rais. Waliotarajia neno la upinzani kutoka kwake hawakulisikia.

Kisha ukaja mlolongo. Mwandishi wa tahariri hii alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 1988, na hajausahau uwanja ule: watu wazima wamepanga foleni nyuma ya picha za wagombea, mlolongo mmoja ukizunguka hadi nje ya lango, mwingine ukiishia chini ya mti mmoja. Jioni akatangazwa mshindi yule wa chini ya mti. Aliyepewa asilimia 70 katika mchujo huo wa chama alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, wala kura ya siri haikupigwa tena. Mawimbi hayo yalimfikia Kibaki mwenyewe. Yasimuliwa huku Nyeri hadi leo kwamba aliwaambia waliojaribu kumwangusha kuwa hata wizi wa kura wahitaji akili kidogo. Kiti alikihifadhi, lakini umakamu alinyang'anywa mwezi wa Machi mwaka huo huo, akapelekwa Wizara ya Afya.

Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo alipokuwa mwanamageuzi. Hatukubali. Matiba na Rubia walipokamatwa Julai 1990, yeye alibaki serikalini; na mwaka 1991 aliwafananisha waliotaka kuiondoa KANU na mtu anayejaribu kuukata mugumo kwa wembe. Alijiuzulu siku ya Krismasi ya 1991, kifungu cha 2A kikiwa kimekwisha kufutwa. Aliufikia mugumo baada ya wengine kuukatakata mizizi. Twalisema hili bila chuki, kwa sababu aliyoyafanya baadaye yana uzito wake.

Mwaka 1992 alikuwa wa tatu, nyuma ya Moi na Matiba. Mwaka 1997 alikuwa wa pili kwa takriban asilimia 31, akaenda mahakamani. Msomaji aitazame kesi hiyo kwa makini. Mahakama haikufikia kusikiliza kama kura ziliibwa. Ombi lake lilitupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa karatasi za kesi mkononi mwake, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Yaani mlalamishi alitakiwa apenye vizuizi vya polisi na walinzi wa Ikulu, amfikie Rais ana kwa ana, amtie bahasha kiganjani! Kabla yake Matiba, aliyepatwa na kiharusi akiwa kizuizini, alikuwa ametupiwa nje ombi la 1992 kwa kuwa mkewe ndiye aliyeitia sahihi kwa niaba yake. Hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa kufuli la ghala lililoibwa.

Tarehe 30 Desemba 2002 Kibaki aliapishwa Uhuru Park, mchana, juu ya kiti cha magurudumu, mbele ya umati usiohesabika, baada ya kupata asilimia 62 ya kura. Matokeo yale hayakumhitaji wakili. Tarehe 30 Desemba 2007, miaka mitano kamili baadaye, aliapishwa tena. Safari hii jua likizama, ndani ya Ikulu, muda mfupi baada ya Tume kumtangaza kuwa na kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Makamishna wengi wa Tume hiyo alikuwa amewateua peke yake, bila kuvishauri vyama, kinyume cha mapatano ya vyama vya Bunge ya 1997 ambayo upinzani ulikuwa umeyapigania. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Wapinzani wake walikataa kwenda mahakamani, na baada ya kesi ile ya bahasha, ni nani angewashangaa?

Tume ya Jaji Kriegler ilisema mwaka 2008 kwamba haiwezekani kujua ni nani aliyeshinda. Ilisema pia jambo ambalo huku kwetu halitajwi: kwamba hesabu ziliharibiwa katika ngome za pande zote mbili. Ngome mojawapo ni yetu. Mahali ambapo wakala wa mpinzani anaogopa kuketi, kura za nyumbani hazina shahidi, na mshindi halali hana namna ya kuthibitisha ushindi wake.

Lakini haki na itendeke kwa marehemu. Katiba aliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika kifungu cha 87(3) kwamba mshtakiwa katika kesi ya uchaguzi aweza kuarifiwa moja kwa moja au kwa tangazo la gazeti linalosambazwa kote nchini. Jeraha alilotiwa na sheria ya zamani lilifungwa kwa katiba iliyobeba sahihi yake. Mwezi wa Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala hayachezewi Nairobi. Na tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, huku Mlima ukinung'unika kwa sababu aliyekuwa ametangazwa mshindi alikuwa wetu.

Basi ombi letu kwa vyama vyote, tukiuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, ni hili. Katika kila kituo cha Othaya, Tetu, Kieni, Mathira, Mukurweini na Nyeri Mjini, wakala wa kila mgombea apewe kiti, apewe chai, asikilizwe anapopinga, na aondoke na nakala yake ya Fomu 34A iliyotiwa sahihi. Wazee wa kijiji wawe wa kwanza kumsindikiza hadi barabarani, hata kama mgombea wake amepata kura tatu.