Binti Zetu na Shule ya Masista

Kila mwaka mwezi wa 8 ukifika hapa Lubutu, maneno huwa ni yale yale. Sokoni, mbele ya kanisa, hata kwenye mizani ya madini, watu huulizana: "Je, binti yako mwaka huu unampeleka kwa masista?" Mmoja hujibu kwa majivuno, wa pili kwa huzuni, na wa tatu hukasirika na kwenda zake.

Shule tunayosema ni ile ya wasichana peke yao, ya kulala huko huko, iliyo mikononi mwa masista wa Katoliki. Bukavu wana Lise Wima, Lubumbashi wana Lise Tuendelee, na majina ya namna hiyo hutajwa hapa kwetu kama majina ya dawa. Zamani wazazi wa Lubutu walitazama pande mbili, Kisangani na Bukavu. Tangu mwezi wa 2 wa mwaka 2025, M23 walipoingia Bukavu, wengi wetu hatuthubutu kumpandisha mtoto gari la upande ule. Imebaki Kisangani, karibu kilometa 240, na mvua ikinyesha barabara ile haina mwisho.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika kilo za kasiterite zinazopimwa, na pesa anazopewa aliyezichimba. Tena mimi ni baba wa msichana aliye katika shule ya namna hiyo. Basi jambo hili nalijua kwa kalamu na kwa mfuko, na naomba nafasi niseme niliyoyaona.

Kwanza ni uzito wa ada. Mwaka wa kwanza nilipewa karatasi yenye orodha: godoro, ndoo, shuka mbili, sare mbili, viatu vyeusi, mchele, maharagwe, sabuni. Chini yake ada ya masomo, ada ya kulala, na pesa za mitihani. Nikajumlisha kama ninavyojumlisha kilo. Mishahara yangu ya miezi mitatu haikutosha. Mke wangu akauza mafuta ya mawese aliyokuwa ameyaweka, nami nikakopa. Na mimi ni mtu wa mshahara! Mchimbaji afanyeje?

Maana bei ya bati haipangwi Lubutu, hupangwa London. Mwezi wa 3 wa mwaka 2022 tani moja ilipita dola 40,000. Kabla ya mwaka ule kwisha, ilikwisha kuanguka chini ya dola 20,000. Yuko baba mmoja aliyeona pesa za mwezi wa 3, akafurahi, akamwandikisha binti yake mwezi wa 9. Bei ikaanguka, ada haikuanguka. Nilimwona amesimama mbele ya mizani: gunia ni lile lile, kilo ni zile zile, pesa zimepungua. Binti yake alirudishwa nyumbani kabla ya mitihani kwa ajili ya deni. Hakulia. Alilala siku mbili, halafu akaenda shambani na mama yake.

Sasa wako wanaosema kwamba wazazi wanaolipa ada hizo ni wapumbavu wanaotafuta sifa. Si kweli. Nimewasikiliza. Kule mwalimu akitakiwa saa 2, saa 2 yumo darasani. Usiku kuna taa. Msichana haitwi katikati ya somo kwenda kuteka maji, kubeba mdogo wake, au kuuza mihogo. Na hapa kwetu, penye machimbo, sote twajua ni nani wanaomngoja msichana wa miaka 14 njiani na simu mpya mkononi. Mama mmoja muuza sombe aliniambia: "Karani, mimi silipii Kifaransa. Ninalipia usingizi wangu." Sikuwa na jibu.

Lakini wanaokataa nao si wajinga. Jirani yangu Mwislamu aliniuliza: "Binti yangu akilala kule miezi mitatu, atasali sala ya nani?" Hilo ni swali la haki, maana katika Maniema yetu Waislamu ni wengi na ni wa siku nyingi. Mwingine anasema msichana hurudi hajui jembe, na akisalimiwa kwa Kikumu hujibu kwa Kifaransa. Wengine wanasema masista huwachagua kwa mtihani wa kuingia wasichana walio tayari kufaulu, kisha shule inasifiwa. Ni kweli pia. Ukichagua mbegu, usilisifu shamba peke yake.

Tusisahau tulikotoka. Wakati wa Wabelgiji, mashule mengi ya wasichana yaliwafundisha zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba, ili wawe wake wazuri wa makarani kama mimi. Siku ya 30 Juni 1960, tulipopata uhuru, hapakuwa na hata mwanamke mmoja Mkongomani mwenye diploma ya chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyeipata Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri. Naye alikuwa amepitia kwa masista, katika lise ya Moyo Mtakatifu mjini Leopoldville. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia masista hawakufanya kitu. Walifungua mlango. Lakini ulikuwa mlango mwembamba, na nchi nzima haiwezi kupita katika mlango mmoja.

Tena wengi wetu huchanganya mambo. Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu iliyachukua mashule ya dini. Mwaka 1977 iliyarudisha kwa mapatano: Serikali iwalipe walimu, Kanisa liongoze. Ndiyo kusema shule nyingi zinazoitwa za Katoliki ni za umma, ila zimo mikononi mwa Kanisa. Zile ambazo ni za binafsi kabisa ni jambo lingine, nazo hupanga ada zake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima tena ni bure, na Serikali ilianza kulitimiza jambo hilo mwezi wa 9 wa mwaka 2019. Lilikuwa jambo jema. Lakini watoto walijaa madarasani, na sekondari haikuingia katika bure hiyo. Mwalimu ambaye jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali bado anaishi kwa pesa za wazazi. Hapo ndipo mzazi mwenye pesa kidogo alipoanza kumtoa mtoto wake.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Nyumbani kwangu kuna wasichana wawili. Mmoja ni binti yangu. Wa pili ni mtoto wa marehemu dada yangu. Wamepishana miezi michache tu. Pesa zilitosha mmoja, na zilikuwa kidogo hata kwa huyo mmoja. Nilimpeleka binti yangu. Yule mwingine alibaki katika shule ya hapa.

Mwaka jana, jioni moja, nilikaa barazani nikihesabu ada ya muhula, franka na dola zikinichanganya. Mtoto wa dada yangu alisimama nyuma yangu akatazama karatasi. Akaipata jumla kabla yangu, wala hakuwa na kalamu. Kisha akaniuliza kwa heshima: "Mjomba, mwalimu wetu wa hesabu atakuja lini?"

Nilimwuliza tangu lini hawana mwalimu. Akasema tangu Pasaka.

Ndugu, mimi nilikuwa mwandishi wa komite ya wazazi ya shule ile. Tangu siku nilipompeleka binti yangu kwa masista, nilikuwa nimeacha kwenda mkutanoni. Hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu. Na si mimi peke yangu: muuguzi aliacha, mfanya biashara aliacha, dereva wa lori aliacha. Mabati yakapeperuka, mwalimu wa hesabu akaondoka kwa kukosa mshahara, na barua haikuandikwa hata moja, kwa sababu waliokuwa wakiandika barua walikwisha kuwatoa watoto wao. Tuliwatoa watoto, tukajitoa na sisi wenyewe. Kosa hili si la masista. Ni letu.

Kwa hiyo nasema hivi.

Kwa masista: twawaheshimu kwa kazi yenu. Lakini andikeni ada yote mara moja, kabla mwaka wa shule haujaanza, wala isije karatasi nyingine katikati ya muhula. Pokeeni mchele, mafuta na maharagwe kwa bei ya soko, kwa maana mkulima anavyo vitu hivyo na dola hana. Deni ni la baba, basi mwiteni baba, msimfukuze mtoto siku ya mtihani. Wekeni nafasi chache kwa wasichana maskini waliofaulu mtihani wenu wa kuingia. Na hesabu za shule zisomwe mbele ya wazazi. Mimi ni karani, najua kwamba kitabu kikifunguliwa, manung'uniko hupungua.

Kwa wazazi wanaosema binti ni mali ya watu: mimi ndiye ninayeandika pesa siku ya malipo, na macho ninayo. Naona zinakokwenda kabla jua halijatua. Mwenye kununua kreti ya bia kila siku ya malipo asiniambie kwamba daftari la msichana ni ghali. Simwambii ampeleke Kisangani. Namwambia amwache asome hapa, asimwoze kabla hajamaliza.

Kwa wazazi wanaolipa, wenzangu: lipeni, wala msione haya. Lakini rudini katika komite ya shule ya hapa. Asiyekuwa na binti pale ana mtoto wa ndugu yake pale, au wa jirani yake, au mjukuu wake kesho. Nao wasichana wetu wakirudi likizo, wakae na wenzao, wawafundishe walichokipata. Binti yangu alipokuja Krismasi nilimpa kazi hiyo. Aliona haya siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wasichana sita barazani.

Kwa wakubwa wa sekta na wa teritori: Sheria ya Madini ya mwaka 2018 inasema kwamba redevansi inayolipwa na kampani za madini igawanywe, na katika kila franka 100, franka 15 ziende kwa utawala wa mahali pale yanapochimbwa. Mali inatoka chini ya miguu yetu. Si matusi wananchi kuuliza: kwetu imefika ngapi, na ngapi katika hizo zimenunua bati la paa la shule? Anayeuliza hesabu si adui wa mtu ye yote.

Mimi nimekwisha kurudi katika komite. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu saba tu, na wawili walikuja kuepa mvua. Tulianza na barua moja, ya kuomba mwalimu wa hesabu, pamoja na orodha ya wazazi walio tayari kumpa mchele na nyumba mpaka jina lake liingie katika mishahara ya Serikali. Majina kumi na moja yameandikwa. Mahali pa majina mengine papo. Mkutano ni Jumamosi saa 9 mchana, katika darasa lenye paa zima. Anayejua kuandika aje na kalamu, na asiyejua aje na sauti yake.

Karani wa mgodi, Lubutu