Tuzo ya Elektrokemia Isimsahau Mwalimu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Wataalamu wa elektrokemia barani Ulaya wameutia usemi huo vitendoni. Tawi lao la chama kilichoasisiwa Marekani mwaka 1902 hutoa nishani yenye jina la Alessandro Volta, Mwitalia aliyeutangazia ulimwengu betri yake mwaka 1800. Nishani hiyo hutunukia utafiti uliotia fora. Nionavyo, sisi wa Afrika Mashariki pia tunastahili tuzo ya kanda yetu katika taaluma hiyo. Hata hivyo, yetu iwe na sharti la ziada: ufundishaji upimwe kwa mizani ile ile ya utafiti.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu betri. Ninalo. Mwaka 1834 Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, alijikuta na uvumbuzi usio na majina. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, mjuzi wa Kigiriki, akimwomba msaada. Whewell akampa anodi, yaani njia ya kupanda. Kathodi, njia ya kushuka. Na ioni, yaani chenye kwenda. Faraday huyo huyo aliongoza mihadhara ya Krismasi kwa vijana wa London mara 19. Kwake yeye, kuvumbua jambo na kulieleza kulikuwa kazi moja.

Sisi tumezitenganisha kazi hizo. Mwanafunzi wetu hukariri anodi na kathodi kama kasuku, kisha akaziacha katika chumba cha mtihani. Kumbe nyumbani anaishi na elektrokemia usiku na mchana. Simu ya mama yake hutumia betri ya lithi. Gari la jirani haliwaki mpaka maji ya betri yaongezwe. Mabati ya nyumba za Mombasa huliwa na kutu kwa sababu ya chumvi ya bahari, na zinki iliyopakwa juu yake hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Anayeweza kumwonyesha mtoto kwamba mambo hayo yote ni mamoja amefanya kazi kubwa. Je, nani humtuza?

Nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya kuwapandisha vyeo wahadhiri. Lililetwa jalada la mwanakemia aliyefundisha muda mrefu katika maabara yenye vifaa haba, akiwatengenezea wanafunzi seli za umeme kwa ndimu, misumari na vipande vya shaba. Tulihesabu makala zake, tukaziona chache, tukalifunga jalada. Barua za wanafunzi wake hazikusomwa. Nami nilinyamaza. Kimya kile hunisuta hadi leo.

Wapo watakaosema kwamba makala huhesabika ilhali ufundishaji haupimiki. Hoja hiyo haina mashiko. Mwongozo wa maabara aliouandika mhadhiri husomeka. Majaribio aliyoyabuni kwa vifaa rahisi huweza kurudiwa na shule nyingine. Wanafunzi aliowalea wakawa watafiti wanajulikana, nao huweza kuulizwa. Kuhesabu makala ni rahisi zaidi, lakini urahisi haujawa hoja ya haki.

Tuzo ninayoipendekeza imtambue pia anayeieleza sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi si haba, ila istilahi isiyo na mwalimu wa kuitumia hulala kitabuni. Mwalimu akisema kwamba ioni ni msafiri ndani ya maji ya betri, neno la Whewell hupata uhai upya kwetu.

Basi Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala lilifikirie jambo hili. Nishani si lazima iwe ya dhahabu, na fedha zitakazopatikana zinunue vifaa vya maabara ya mshindi. Lakini siku ya kuitoa, mtafiti na mwalimu wasimame jukwaa moja. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwalalamikia vijana kwamba wanaikimbia kemia, ilhali sisi wenyewe ndio tuliomvunja moyo aliyewapendezesha somo hilo.