DAFTARI LA KOMPYUTA LISIJAE

Msimu wa korosho ukifika huku Newala, kila mtu ajua kazi ya daftari. Karani wa chama cha msingi hupima, huandika, nawe wapewa stakabadhi yako. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwa korosho mwaka 2007, karatasi ile ndiyo haki ya mkulima. Mwaka 2024 minada nayo iliingia katika kompyuta, kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Basi yafaa tujue jambo moja juu ya mashine hizi, hasa wewe mzazi mwenye kijana anayezitunza.

Kompyuta inayohudumia watu wengi kwa mtandao huitwa seva. Kila mtu akibisha hodi, seva huandika mstari: saa ngapi, kutoka anwani gani, ametaka nini, amejibiwaje. Mstari mmoja waweza kuwa na herufi 200 tu. Lakini hodi zikiwa 1,000,000 kwa siku, ni megabaiti 200. Kwa siku 30 ni gigabaiti 6. Diski yenye nafasi ya gigabaiti 40 hujaa kabla miezi saba haijatimia. Ndipo huwa kama ghala lililojaa magunia hadi mlangoni: hata debe moja haliingii. Seva haiwezi kuandika mauzo mapya, na kazi husimama, wala hakuna mwizi aliyekuja.

Kijana afanyeje?

Kwanza, apime, asikisie. Amri ya df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Katika Linux madaftari hayo kwa kawaida hukaa /var/log, na amri ya du -sh /var/log/* humwonyesha lililo nene.

Pili, asome kabla ya kufuta. Daftari lililonenepa kwa usiku mmoja ni mgonjwa mwenye homa. Huenda kosa moja larudiwa mara elfu nyingi, au mtu mbaya ajaribu kubahatisha maneno ya siri. Ukishusha homa bila kutibu malaria, kesho itarudi.

Tatu, aweke nakala mahali pengine, imebanwa iwe ndogo. Mkulima akisema malipo yake hayakuandikwa, huenda mistari ile ikawa shahidi wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yakubali kumbukumbu za namna hii mahakamani. Lakini zisikae milele. Zina habari za watu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka zitunzwe vema.

Nne, asifute faili ambalo programu yaendelea kuliandikia. Jina litatoweka, lakini nafasi hairudi mpaka programu ile ifungwe. Afadhali amwage yaliyomo, faili libaki: truncate -s 0, kisha jina la faili.

Mwisho, aiweke programu iitwayo logrotate. Hiyo kila juma hufunga daftari la zamani, hufungua jipya, na hutupa lililopita muda uliopangwa.

Huku uwandani maji ni ya shida, nasi twajua kwamba tangi husafishwa kabla ya mvua. Basi mzazi, kabla ya mnada wa kwanza, muulize mwanao: daftari la mashine yako lilifungwa lini?