Wahadhiri wafundishwe kwanza, mitambo ifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya masomo ya vyuo vikuu yanayotolewa kwa mtandao kwa watu walio kazini. Siku hizi karani wa halmashauri au fundi wa idara ya maji huko wilayani anaweza kujiendeleza bila kuacha kituo chake cha kazi. Jambo hili ni jema, maana hatuwezi kufunga ofisi miaka mitatu kumsubiri mtumishi arudi masomoni. Lakini naona tumeshughulikia sana mitambo na kumsahau mtu anayetakiwa kufundisha kwa mitambo hiyo.

Mimi ni msimamizi wa watumishi katika ofisi moja ya umma, na baadhi ya vijana walio chini yangu wanasoma kwa njia hii. Mhadhiri huweka mtandaoni kitabu cha kurasa nyingi, kisha kimya mpaka mtihani. Mwisho wa muhula naletewa fomu niweke alama ya vema kwamba kijana amejifunza kazini. Hakuna aliyepata kuniambia alitakiwa kujifunza nini, wala mimi nimsaidie vipi. Kijana amelipa ada kutoka katika mshahara wake mdogo, amekesha, amepata cheti, lakini kazi iliyo mezani kwake inafanywa vilevile kama zamani. Hasara hiyo ni yake, ni ya ofisi, na ni ya mwananchi anayekuja dirishani kuhudumiwa.

Simlaumu mhadhiri. Yeye alisomeshwa kwa kukaa darasani na kusikiliza, na baada ya kuajiriwa alipewa chaki na ukumbi uliojaa wanafunzi. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumfundisha mtu mzima asiyemwona, ambaye darasa lake ni kazi yake.

Nchi yetu siyo ngeni katika mambo haya. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, chombo kilikuwa redio. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Lakini kabla ya vipindi kuanza kurushwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikwisha kupewa semina, kuanzia ngazi za juu hadi chini. Redio ilizungumza, lakini aliyefundisha ni yule kiongozi wa kikundi.

Vilevile, baada ya uamuzi wa Musoma wa Novemba 1974 wa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, walimu walikuwa hawatoshi. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walipelekwa kufundisha huku wakisomea ualimu papo hapo shuleni, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa waratibu waliowatembelea. Zaidi ya 35,000 walihitimu. Ni kweli kwamba walikejeliwa kwa jina la "walimu wa UPE", na upungufu ulikuwapo. Hata hivyo funzo lake bado lipo: anayejifunza kazini anahitaji mtu wa kumfuatilia, na huyo mfuatiliaji naye lazima afundishwe.

Sasa tuitazame hali ya leo. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Mei kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ilionekana wazi kwamba vingi havikuwa tayari kuendelea kufundisha kwa mtandao. Mwaka 2021 ukaidhinishwa mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, kwa ajili ya majengo, vifaa na kusomesha wahadhiri shahada za juu. Hayo yote ni ya maana. Lakini shahada ya uzamivu humfanya mtu kuwa mtafiti. Haimfanyi moja kwa moja kuwa mwalimu wa mtu aliye kilometa 800 kutoka chuoni.

Kwa maoni yangu yafaa mambo manne yafanyike.

Kwanza, mhadhiri afundishwe kwa njia ileile atakayoitumia. Semina ya siku mbili hotelini haitoshi. Yeye mwenyewe awe mwanafunzi wa mtandaoni kwa wiki kadhaa, huku somo analolifundisha likiwa ndiyo kazi yake ya mazoezi. Akisubiri jibu la mwalimu wake siku kumi, ataonja machungu ya mwanafunzi wake. Akinunua bando kufungua picha nzito, atajifunza kutengeneza masomo mepesi.

Pili, afundishwe kutoa swali kutoka katika kazi. Badala ya kumwuliza karani maana ya udhibiti wa mapato, amtake apitie makusanyo ya soko moja kwa miezi mitatu, aonyeshe penye upungufu na apendekeze dawa yake. Jibu la namna hiyo si rahisi kunakili kwa jirani.

Tatu, mhadhiri na msimamizi wa kazini wakubaliane tangu mwanzo, pamoja na mwanafunzi, nini kitajifunzwa na nani atakipima. Pia wakubaliane juu ya siri za ofisi zisizofaa kuandikwa katika kazi za chuo.

Nne, saa za kufundisha kwa mtandao zihesabiwe kuwa ni kazi kamili, na ubora wake utazamwe wakati wa kupandishana vyeo. Mtu anayepimwa zaidi kwa makala alizochapisha hatapoteza usiku kumjibu mwanafunzi wa Tunduru.

Tunacho pa kuanzia. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina uzoefu mrefu wa kufundisha watu walio mbali, na vyuo vingine vinaweza kwenda kuchota huko.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Lakini lazima awepo mhunzi wa kumwonyesha namna ya kuvukuta. Nawaomba wakuu wa vyuo na Wizara walifikirie jambo hili kabla ya kuagiza kompyuta nyingine.

Msimamizi wa Watumishi,
Morogoro