Saraka si Kasha: Istilahi Zetu na Matumbo ya Tarakilishi

Miongoni mwa mijadala inayopendwa katika vikao vya chama chetu, ule wa istilahi za tarakilishi haujapata kukosa wachangiaji. Tumeshindana kuhusu 'tarakilishi' na 'kompyuta', tukalizika neno 'ngamizi' bila matanga, na kila mara tukaondoka ukumbini kila mmoja akiamini kwamba ndiye aliyeshinda. Hata hivyo, nimekuja kutambua kwamba tunabishania majina ya vitu ambavyo wengi wetu hatujapata kuvifungua tukaona vinavyofanya kazi. Nitatoa mfano mmoja tu, nao ni wa kile ambacho baadhi yetu hukiita folda, wengine kabrasha na wengine saraka.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu, niliifuta sura ya pili kwa pupa ya usiku wa manane. Mwenzangu wa sayansi ya tarakilishi, ambaye ndiye aliyenitayarishia mashine ile yenye mfumo endeshi wa Linux, alinicheka kwanza kabla ya kunihurumia. Kisha akaifungua sehemu nyingine ya diski, na sura yangu ikawa pale, nzima, hadi koma ya mwisho. Nilidhani alikuwa ameinakili. La hasha! Faili lilikuwa moja tu, ila alikuwa amelipa jina la pili mahali pengine. Mimi nilikuwa nimefuta jina la kwanza.

Nilipomwomba anieleze, hakunieleza. Aliandika programu fupi katika lugha ya C, isiyozidi mistari kumi na mitano, yenye kazi ya kuifungua saraka, kusoma kilichomo kipengele baada ya kipengele, na kukichapa kwenye kioo. Nilitarajia kuona maneno ya tasnifu yangu. Nilichoona ni safu mbili: nambari upande huu, jina upande ule. Nambari, jina, nambari, jina, basi. Hapakuwa na hata herufi moja ya kile nilichokuwa nimekiandika.

Ndugu msomaji, fikiria rejista ya darasa. Ndani yake mna majina ya wanafunzi na nambari zao za usajili. Wanafunzi wenyewe hawamo, wako madawatini. Hivyo ndivyo saraka ilivyo katika mifumo ya jamii ya Unix. Nambari ile huelekeza kwenye ainodi, yaani kumbukumbu inayohifadhi habari za faili: ukubwa wake, mwenyewe, ruhusa zake, na mahali data yake ilipo katika diski. Jambo la ajabu ni kwamba ainodi haihifadhi jina. Faili halijui linaitwaje. Jina ni mali ya rejista, na mwanafunzi mmoja aweza kuandikwa katika rejista mbili, moja ya darasa na nyingine ya timu ya kandanda, kwa majina mawili tofauti na nambari ile ile.

Mpango huu si wa jana. Ken Thompson na Dennis Ritchie walioianzisha Unix katika maabara za Bell huko Marekani waliichukulia saraka kuwa faili kama mafaili mengine, isipokuwa kwamba programu ya mtu wa kawaida haikuruhusiwa kuiandika moja kwa moja. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, kila kipengele cha saraka kilikuwa na baiti 16: mbili za nambari na 14 za jina. (Anayelipenda neno letu na ajaribu kuhesabu 'tarakilishi.txt'. Ni herufi 15, na ile ya mwisho ingekatwa!) Mwaka 1983 toleo la Berkeley liitwalo 4.2BSD lilileta majina ya hadi baiti 255, na vipengele havikuwa tena na urefu mmoja. Ndipo programu zikapewa njia maalumu ya kuisoma saraka badala ya kuhesabu baiti zenyewe. Leo katika Linux, programu ikijaribu kuisoma saraka kama faili la kawaida hukataliwa.

Basi folda ilitoka wapi? Ilitoka kwenye picha. Mashine iitwayo Xerox Star, ya mwaka 1981, iliwachorea wafanyakazi wa ofisi meza yenye jalada za karatasi ili wasiogope, na Macintosh ya mwaka 1984 ikaieneza picha hiyo. Sisi nasi tuliposhika kalamu ya kutafsiri, tuliitafsiri ile picha. Sina ugomvi na folda pale kwenye kioo. Karani anayetafuta barua yake hahitaji kuijua ainodi. Ugomvi wangu ni na mhadhiri au mwandishi wa kitabu anayelichukua neno la kioo na kulipeleka matumboni mwa mashine.

Maana neno hilo huzaa maswali ya uongo. Mbona folda yenye filamu nzima huorodheshwa katika Linux kuwa na ukubwa wa baiti 4,096 tu? Mbona kuihamisha filamu hiyo kutoka folda moja hadi nyingine katika diski ile ile huchukua kufumba na kufumbua, ilhali kuipeleka kwenye diski nyingine hukuacha umekaa? Mbona faili nisiloruhusiwa kuliandika naweza kuliondoa? Kwa mwenye kasha akilini, haya ni mazingaombwe. Kwa mwenye rejista, hakuna la kushangaza: rejista ni nyembamba hata darasa likiwa na wanafunzi wanene, kuhamisha ni kuandika jina hapa na kulikata pale, na anayeruhusiwa kuiandika rejista ndiye anayeweza kukata jina, hata kama hana amri juu ya mwanafunzi.

Kutembea ndani ya saraka nako kuna utamu wake. Kila saraka ina majina mawili ambayo hakuna aliyeyachagua: nukta moja, inayoielekeza saraka kwake yenyewe, na nukta mbili, zinazoelekeza kwa mzazi wake. Mwanagenzi anayeandika programu ya kuzuru saraka zote, akasahau kuiruka nukta moja, huingia katika saraka ile ile tena na tena hadi programu ikwame. Na programu ikitaka kujua iko wapi, njia ya kale ilikuwa hii: husoma nambari ya nukta moja, hupanda kwa mzazi, huipekua orodha ya mzazi hadi iione nambari ile, huchukua jina lililo kandoni mwake, kisha hupanda tena. Husimama pale nukta moja na nukta mbili zinapokuwa na nambari moja, yaani kwenye shina, lisilo na mzazi ila lenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba ishara ni za unasibu, kama alivyofundisha Saussure, na kwamba neno lolote laweza kubeba maana yoyote. Sawa, ingawa Saussure mwenyewe alikiri kuwa ziko ishara ambazo unasibu wake una kiasi. Tena istilahi haizaliwi kama neno la kawaida. Huteuliwa na watu walioketi. Anayesema 'saraka ya simu' hatarajii kuwakuta watu ndani ya kitabu. Neno hilo tunalo tayari, nalo linasema kweli. Kwa nini tulifunike?

Kwa upande wa vitenzi, lugha yetu ina utajiri ambao hatujautumia. Mashine ya Unix haina amri ya ndani ya kufuta faili. Ina ya kulipa jina na ya kuliondolea jina. Faili hufa lenyewe jina la mwisho likishaondoka na programu ya mwisho ikishaliachilia. Sisi tuna kauli ya kutendua: funga na fungua, choma na chomoa, bandika na bandua. Kubandika jina, kubandua jina! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeelewa mara moja kwamba kilichobanduliwa ni karatasi ya jina, na kwamba ukuta bado umesimama. Hilo ndilo lililotokea kwa sura yangu ya pili, nami nililia bure kwa sababu ya kitenzi 'futa'.

Ainodi ndiyo iliyonishinda. Nilipendekeza 'kitovu', mwenzangu akatikisa kichwa: kitovu kimoja hakina majina mawili, alisema, na tena kitovu hukatwa mapema. Nikajaribu 'hati shina', akasema shina tumeshaligawa. Kwa sasa tunaiita ainodi, na ukurasa wa mapendekezo katika daftari letu una nafasi.